Gari la Umeme na Ulimi wa Dereva

Neno lisemwalo mara nyingi juu ya gari la umeme ni kwamba chombo hicho ni cha pwani na miji mikubwa, hakifai kupelekwa Sumbawanga. Wasemao hivyo hutoa sababu tatu: nchi ya Ufipa ina milima, mwendo wake ni mrefu, na umeme wake si wa kutegemewa. Sababu hizi zina sura ya ukweli, na kwa hiyo zimepokewa bila ya kuulizwa maswali. Lakini zikipimwa moja moja huonekana kwamba zinazungumza juu ya mambo yanayohesabika, na jambo linalohesabika halimshindi mtu aliyefundishwa kuhesabu. Gari la umeme likishindwa Ufipa, halitashindwa kwa mlima wala kwa giza. Litashindwa kwa sababu dereva wake amepewa chombo asichoelezwa kwa lugha aijuayo.

Mchukue mtu aliyeendesha magari ya petroli kwa miaka ishirini, anayeketi kwa mara ya kwanza katika gari la Nissan Leaf lililokwisha kutumika Japani. Anabonyeza kitufe na hasikii kitu. Anadhani gari halijawaka, anabonyeza tena, na kumbe amelizima. Mguu wake wa kushoto unatafuta klachi isiyokuwapo, na mkono wake unatafuta gia za kubadilisha. Gari linapoondoka, linaondoka kwa nguvu asiyoitazamia, maana mota ya umeme hutoa nguvu zake zote tangu gurudumu limesimama. Akiinua mguu, gari linajizuia kama lililoshikwa kwa nyuma, kwa sababu mota ile ile imegeuka kuwa mtambo wa kuzalisha umeme na inaurudisha katika betri. Watazamaji wakiliona gari linapita bila ya mngurumo, mzaha wa kale juu ya Sumbawanga huja mdomoni upesi. Jina la mji huo hufasiriwa na wenyewe kuwa ni agizo la kutupa uchawi. Ajabu ni kwamba wasiowahi kufika huko huuokota uchawi uliotupwa na kuufanya kicheko chao.

Baada ya robo saa mikono na miguu imekwisha jifunza. Hapo wengi humaliza jaribio. Husifu utulivu wa gari na wepesi wake, au hulaumu uchache wa vituo vya kuchajia, kisha kila mmoja huenda zake akiamini kwamba amelijua gari. Kumbe jaribio halijaanza. Macho hayajasoma chochote. Kioo kilicho mbele ya dereva kimejaa maandishi ya Kijapani, na sauti inayomsalimu ni ya Kijapani. Watanzania wamezoea kuicheka sauti hiyo, kwa kuwa magari mengi ya mitumba hutoka huko, na katika gari la petroli hasara yake ni ndogo: mshale wa mafuta huelewa kila mtu, na mafuta yakiisha hubebwa kwa dumu. Katika gari la umeme mambo ni kinyume. Hilo haliendeshwi kwa miguu tu, huendeshwa kwa hesabu. Na hesabu yote imeandikwa katika kioo ambacho dereva hawezi kukisoma.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila nyumba yenye mita ya LUKU imekwisha kuijua. Mama anayenunua umeme wa shilingi elfu tano anajua amepata uniti ngapi na zitamfikisha lini. Betri ya Leaf za kwanza, zilizotoka kiwandani tangu mwishoni mwa 2010, ilikuwa na uniti 24. Ikiwa mpya, iliweza kulipeleka gari kiasi cha kilometa 120. Barabara ya kutoka Sumbawanga kupita Matai hadi bandari ya Kasanga ina kilometa 112 hivi. Betri mpya ingefika kwa shida. Betri iliyochoka haifiki bila ya kuongezwa umeme njiani. Tunduma, iliyo mbali kwa kilometa zaidi ya 220, si safari ya gari hilo. Hayo ni maelezo ya dakika tano kwa mtu yeyote anayejua neno uniti. Lakini yakisemwa kwa majina ya kigeni, hata mhitimu wa chuo hurudi nyumbani akidhani ameambiwa siri za mbinguni.

Sasa utazamwe mlima, maana ndio unaotajwa kwanza na wapinzani. Sumbawanga iko juu kwa zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko kiasi cha mita 800. Kati yao umesimama ukingo uitwao Lyamba lya Mfipa, na barabara ya Ntendo kwenda Muze huteremka humo. Gari lenye abiria, uzito wake ukiwa kiasi cha tani moja na nusu hadi mbili, likipanda mita 900 hula karibu uniti 5 zaidi ya zile za mwendo wa tambarare. Linaposhuka, sehemu kubwa ya uniti hizo hurudi katika betri, na breki hazichoki. Gari la petroli likipanda huchoma mafuta, na likishuka halirudishi hata tone. Kwa hiyo mlima unaotajwa kuwa adui wa gari la umeme ni mahali ambapo gari hilo hudhihirisha ubora wake.

Lakini kuna sharti, na sharti hilo ndilo kiini cha ubishi huu. Betri iliyojaa ni kama mtungi uliojaa: haupokei tena. Dereva aliyechaji usiku kucha mpaka pomoni, kisha akashika njia ya Muze asubuhi, ataona gari halijizuii kama alivyozoea jana mjini, na uzito wote utaangukia breki za kawaida katika mteremko ulio mkali. Dawa yake ni kuondoka na betri isiyojaa. Katika baadhi ya Leaf za mwanzo iko njia ya kuliagiza gari likome kuchaji linapofika asilimia 80. Nayo imefichwa ndani ya orodha ya Kijapani. Je, mwenye kosa hapo ni nani? Mlima? Dereva? Au yule aliyelivusha gari baharini akaiacha maana yake ng'ambo?

Jambo la pili ni afya ya betri. Mnunuzi wa mtumba hutazama kilometa zilizotembewa na rangi ya bodi. Katika gari hili yampasa kutazama vijistari kumi na viwili vilivyo pembeni mwa kipimo cha chaji, ambavyo hupungua kadiri betri inavyozeeka. Gari linalong'aa, likiwa limepoteza vijistari vinne, limepoteza safari zake nyingi kwa kila chaji. Ujuzi huu mdogo ndio tofauti ya mnunuzi na mdanganywa. Hewa ya Ufipa, yenye baridi kuliko pwani, huitunza betri isiyo na mfumo wa kupozwa kwa maji. Kwa hiyo hata hapo nyanda za juu zina heri. Lakini heri hiyo haimfai mtu aliyeuziwa betri iliyokwisha kuchakaa kabla haijafika.

Kuhusu umeme wenyewe, hapana budi kukiri ukweli. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikipata umeme kutoka Zambia na kwa mitambo ya dizeli, na kukatika kwake kulikuwa jambo la kawaida. Lakini pampu ya petroli nayo huendeshwa kwa umeme. Na gari linalochaji katika soketi ya nyumbani huhitaji usiku mmoja, saa nane au kumi, wakati mwenyewe amelala. Bei nayo ihesabiwe. Uniti moja kwa mteja wa kawaida, pamoja na kodi, imekuwa karibu shilingi 350. Kilometa 100 huhitaji kama uniti 17, yaani shilingi 6,000 hivi. Petroli, kwa bei ya zaidi ya shilingi 2,500 kwa lita iliyoonekana miaka ya karibuni, huhitaji zaidi ya shilingi 20,000 kwa gari dogo linalokula lita 8. Ila mwenye nyumba iliyo katika daraja la wateja wadogo, wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, lazima aambiwe kwamba gari litamtoa katika daraja hilo. Hili nalo ni neno la kuambiwa mapema, kwa Kiswahili.

Watakaojibu kwamba watu wa bara hawana mazoea ya mitambo, waikumbuke historia. Wafipa walijenga tanuri za udongo wa vichuguu, ndefu kuliko mtu, zilizoyeyusha mawe ya chuma kwa upepo ulioingia wenyewe kupitia matundu ya chini, bila ya mivuo. Tanuri hiyo iliitwa ilungu. Na chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena katika tanuri ndogo iliyoitwa kintengwe. Mafundi hao walipima joto, hewa na muda pasipo kitabu. Waliweza kurithishana elimu hiyo kwa vizazi kwa sababu kila sehemu ya kazi ilikuwa na jina lake katika ulimi wa mwanafunzi. Majembe ya kigeni yalipoishinda sokoni, kazi ilikoma, na majina yakabaki kwa wazee na wanazuoni. Neno huishi pamoja na kazi yake, na kazi haidumu bila ya neno.

Wako wasomi watakaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya chombo hiki. Hoja hii imechakaa kuliko betri ya mtumba. Mafundi wa gereji waliyapata klachi, gia, breki, springi na stelingi bila ya kungoja kikao cha mtu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitoka 1990, na nishati na mkondo yamo katika vinywa vya wanafunzi. Neno umeme lenyewe lilikuwa la mawinguni kabla ya kuwa la ukutani. Watu waliita treni gari la moshi. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza safari kutoka Dar es Salaam, moshi haupo, na lugha haikufa. Kasoro haiko katika lugha. Iko kwa wale walioajiriwa kuitumikia, ambao hutunga istilahi, wakazifungia kabatini, kisha wakaulaumu umma kwa kutozitumia.

Tena hoja kwamba mambo haya ni ya wageni imekwisha kuanguka. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha barabarani gari la umeme la Kiira, lenye viti viwili. Mwaka 2022 mchora katuni Masoud Kipanya alionyesha Dar es Salaam gari dogo la umeme alilolibuni. Mtu anayeunda hana haja ya kuomba ruhusa ya kutaja sehemu za alichokiunda. Mtu anayenunua tu, akanyamaza, hubaki abiria hata akikaa nyuma ya usukani.

Basi dai ni fupi. Gari la umeme lisiuzwe bila ya kitabu cha Kiswahili chenye hesabu ya uniti, onyo la mteremko na maelezo ya vijistari vya betri. Vyuo vya ufundi vifundishe mota na betri kwa maneno ambayo fundi atamwelezea mteja wake. Na wanazuoni wa Kiswahili watoke vyumbani, waende gereji za Sumbawanga wakasikilize kabla ya kutunga. Mgeni anayelijaribu gari hilo katika ukingo wa Lyamba lya Mfipa hahitaji kuhurumiwa wala kuchekwa. Anahitaji kuambiwa. Asipoambiwa, na gari likamshinda mteremkoni, watu watasema kwamba Ufipa haikuwa tayari. Na hukumu hiyo itakuwa dhuluma, kwa kuwa mshtakiwa alisomewa mashtaka kwa lugha asiyoifahamu.