Jembe Lisiwe Adhabu



Nataka kusema neno juu ya shamba la shule yetu, lakini sina budi kuanzia mbali kidogo, katika hoteli moja ya chakula huko mashambani Uingereza. Nawaomba mnivumilie, njia ni ndefu, lakini inarudi nyumbani.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2019 nilikuwa nimemaliza masomo yangu huko, na baba yangu akaja kutoka Masaka kuniona nikipewa shahada. Nilitaka kumpa heshima kubwa. Basi nikamwalika chakula cha mchana katika kijiji kimoja cha Oxfordshire, katika hoteli inayopika kwa desturi ya Kifaransa. Haikuwa ile maarufu ya Le Manoir aux Quat'Saisons, ambayo Raymond Blanc aliifungua katika kijiji cha Great Milton mwaka 1984. Hiyo ilikuwa juu ya uwezo wangu. Lakini hii ndogo ilifuata mfano ule ule: nyumba ya mawe, bustani ya mboga nyuma yake, na wapishi wanaopika kile kilichokomaa wiki hiyo. Huyo Blanc mwenyewe ni Mfaransa aliyekuja Uingereza mwaka 1972, akaanza kwa kupeleka sahani mezani. Upishi alijifundisha mwenyewe.

Tuliketi karibu na dirisha. Kwanza ikaja supu ya viazi na liki, mboga iliyo ndugu yake kitunguu. Halafu akaja samaki aliyefungwa ndani ya karatasi na kuokwa humo humo ili mvuke wake usipotee. Mtumishi alipoipasua karatasi mbele yetu, harufu nzuri ikapanda. Baba akacheka, akasema kwa Kiganda, "Kumbe hii ni luwombo! Wamekosa majani ya ndizi tu."

Kisha akaanza kuuliza. Viazi hivi vimelimwa na nani? Udongo wa hapa ni mweusi au mwekundu? Mbolea yao ni ya ng'ombe? Mkalimani nilikuwa mimi, na nayaandika haya kwa aibu: sikuyafasiri maswali yake. Nilitazama vitambaa vyeupe na watu wa meza za jirani, nikaogopa kwamba baba ataonekana mshamba. Nikamwambia mtumishi, "Baba anasema chakula ni kizuri sana."

Baba hajui Kiingereza kingi, lakini si mjinga. Alinyosha kidole dirishani kuelekea bustani, kisha akaonyesha sahani yake. Mtumishi akafahamu mara moja, akaenda kumwita mpishi mkuu. Bwana yule akatoka na aproni yake, akampa baba mkono, na tulipokwisha kula akatuchukua bustanini.

Huko tulimkuta kijana mmoja, umri wake kama wa mwanafunzi wa kidato cha sita, aking'oa liki katika manyunyu ya mvua, magoti yote yamejaa matope. Nami, bila kufikiri, nikamwuliza mpishi, "Huyu amefanya kosa gani?"

Hakunielewa. Nikarudia swali. Akanijibu kwamba kijana hana kosa lolote. Anajifunza upishi, na kwake kila anayejifunza huanzia bustanini kabla ya kushika kisu cha jikoni, maana atakayepika liki sharti ajue imechukua miezi mingapi kukua.

Ndugu zangu, swali langu lilitoka wapi? Lilitoka shuleni kwetu. Katika miaka yangu sita hapo nililima shamba la shule mara nyingi sana, na kila mara kwa sababu ya kosa: kuchelewa paredi, kuzungumza wakati wa masomo ya jioni, kuvaa soksi zisizo za shule. Sikulima hata siku moja kwa sababu mahindi yalihitaji palizi. Nasikia kwamba desturi hiyo ingaliko.

Mtoto apewaye jembe kila akosapo hujifunza kwamba jembe ni la wakosaji. Akirudi likizoni na kumwona baba yake ana jembe begani, afikiri nini? Wengi wetu tulilipiwa karo kwa kahawa, kwa ndizi na kwa mahindi. Chombo kilichotulipia karo ndicho tunachopewa kama adhabu. Matunda ya mafundisho hayo yalionekana siku ile mezani: nilimwonea haya mkulima aliyenisomesha, katika nyumba ambayo sifa yake yote ilitoka bustanini.

Siwasifu Wafaransa kwa kuwa ni Wafaransa. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliandika mlo wa Kifaransa katika orodha ya urithi wa wanadamu, na miongoni mwa mambo yaliyotajwa ni kununua vyakula vizuri, hasa vya mahali pale pale. Sisi tumeziiga uma tukaiacha bustani. Nimekula katika hoteli za miji yetu ambamo mgeni huletewa maharagwe ya kopo, na huku nje ya dirisha akina mama wanauza maharagwe mabichi kando ya barabara.

Najua walimu watanijibu. Watasema, "Sheria imekataza viboko tangu mwaka 2016, sasa na jembe ulikatae? Tuwaadhibu kwa nini?" Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba mkosaji anyimwe kitu anachokipenda: mpira wa Jumamosi, sinema, au ruhusa ya kwenda mjini. Asipewe kazi ya mzazi wake kama mzigo wa aibu.

Wengine watasema kwamba wazazi wenyewe ndio wanaotutisha: "Soma, usije ukalima kama mimi." Ni kweli, hata baba yangu aliniambia hivyo. Lakini kuuchukia umaskini wa mkulima ni jambo moja, na kuidharau kazi yake ni jambo lingine. Baba alitaka niuepuke umaskini. Hakutaka nimwonee haya.

Jioni ile, tulipokuwa ndani ya basi, nilimwungamia kwamba sikuyafasiri maneno yake. Akasema alijua tangu pale mezani, maana yeye alisema maneno mengi na tafsiri yangu ilikuwa fupi mno. Hakusema zaidi, akalala mpaka tulipofika.

Kwa hiyo natoa shauri. Kila bweni lipewe kipande chake cha shamba, likilime kwa zamu, wakosaji na wasio wakosaji sawasawa. Mavuno yaende jikoni, na siku hiyo wanafunzi waambiwe kabla ya kula: mchicha huu ni wa bweni fulani. Posho na maharagwe vitabaki vile vile, lakini atakayekula atajua ni kazi ya nani.

Tena nawaomba wanafunzi wa zamani wenzangu. Tumezoea kuiletea shule vikombe vya mpira na vya riadha, na ni vizuri. Mwaka huu mimi naleta kikombe cha bweni litakalotunza shamba lake vizuri kupita mengine, pamoja na majembe 20 mapya. Namwomba Mwalimu Mkuu avipokee kwa sharti moja tu: majembe hayo asipewe mtu yeyote kwa sababu ya kosa.