Maumivu ya mgonjwa: Somo la tiba shufaa kutoka Uganda

Wengi wakisikia mgonjwa amepelekwa kwa daktari wa tiba shufaa, hudhani hospitali imekwisha kumkatia tamaa. Dhana hiyo huwafanya wagonjwa wa saratani na Ukimwi wachelewe kufikishwa kwake hadi maumivu yawe yamewamaliza nguvu.

Ukweli ni kwamba daktari huyo anaweza kufanya kazi bega kwa bega na wanaotibu ugonjwa tangu unapogundulika. Hutuliza maumivu, kichefuchefu na kukosa pumzi, huieleza familia ukweli, na humsaidia mgonjwa kuamua mambo yake angali na fahamu. Misingi ya fani hii iliwekwa na Dk. Cicely Saunders, muuguzi aliyesomea udaktari baadaye na kufungua hospisi ya St Christopher's jijini London mwaka 1967.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao milioni 56.8 huhitaji huduma hiyo kila mwaka, lakini wanaoipata ni takriban asilimia 14 tu. Je, tatizo ni umaskini peke yake?

Uganda inajibu kwamba sivyo. Mwaka 1993, Dk. Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool, Uingereza, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Silaha yake kuu ilikuwa mofini ya maji, dawa ya bei nafuu inayotengenezwa kwa kuchanganya unga wa mofini na maji, ambayo mgonjwa huinywa nyumbani kwake.

Hata hivyo, dawa ilikuwapo lakini wa kuiandika walikuwa wachache, kwani idhini ilikuwa ya madaktari, nao ni adimu vijijini. Mwaka 2004 kanuni zilibadilishwa, wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa wakaruhusiwa kuiandika.

Wapo wanaohofia kuwa mofini itamgeuza mgonjwa kuwa teja. Wataalamu wanaeleza kuwa inapotolewa kwa kipimo kinacholingana na maumivu, tena chini ya uangalizi, hatari hiyo ni ndogo. Udhibiti ni wa lazima, ila usimzibie njia anayeumwa.

Kwa nchi ambazo bado zinawaachia madaktari peke yao kalamu hiyo, swali si bei ya chupa ya mofini. Ni nani, katika zahanati ya kijijini, mwenye ujuzi na ruhusa ya kuitoa.