NI NANI AJUAYE KITABU KINACHOTAKIWA?

Ndugu Wanachama,

Kila mwaka wakubwa wa chuo kikuu hujifungia chumbani, wakagawa fedha za maktaba na kuchagua vitabu vya kununua. Sisi tunaofungua mlango asubuhi, tunaopanga vitabu na kuvijalidi vikichanika, huitwa baadaye kubeba masanduku tu.

Twauliza: ni nani ajuaye kitabu kinachotakiwa? Mwalimu ajua kitabu cha somo lake. Bwana wa fedha ajua hesabu yake. Lakini karani wa mezani ndiye amwonaye mwanafunzi akirudi mikono mitupu. Ndiye aonaye pia vitabu vya bei kubwa vikilala bila kuazimwa na mtu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wengine husema mambo ya fedha ni mazito kwetu. Si kweli! Majarida ya wataalamu kutoka ng'ambo hulipiwa kwa dola. Januari 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113. Januari 2024 ilifika kama shilingi 160. Basi deni la dola 10,000 lilipanda kutoka shilingi 1,130,000 hadi shilingi 1,600,000, wala haukuongezeka hata ukurasa mmoja. Hesabu hiyo hata mfagiaji aielewa, maana ndiyo ile ile ya unga wake.

Mwaka 2003 maktaba za Kenya ziliungana kununua majarida hayo pamoja ili zipate nafuu. Ikiwa umoja ni mwema katika kununua, mbona uwe mbaya katika kushauriana? Tena Katiba ya 2010, Kifungu cha 201, yataka uwazi na wananchi kushirikishwa katika fedha za umma.

Kwa hiyo twataka:

1. Wafanya kazi wachague wenzao wawili waketi katika kamati ya vitabu na ya fedha, wawe na kura.
2. Kila meza iwe na daftari la vitabu vilivyoulizwa vikakosekana, lisomwe kabla ya kununua.
3. Hesabu ya maktaba ibandikwe ukutani kila mwaka.

Hatutaki kuwanyang'anya walimu kazi yao. Nasi tukiketi kamatini tukakosea, tuulizwe, tuko tayari.

Lakini ndugu, daftari halingoji ruhusa. Lianze kesho asubuhi mezani pako. Siku tutakapoitwa, tusiende na maneno matupu.

Umoja ni nguvu!