Mdudu Asiye na Jina

Kama umewahi kulala Nairobi, Arusha au Dar es Salaam msimu wa mvua na ukaacha taa inawaka, unamjua. Mwembamba, mwekundu, kichwa cheusi, urefu karibu sentimita moja. Wangu alitua shingoni nikampiga kofi nusu usingizini. Siku iliyofuata ngozi iliwaka moto, ikafuatiwa na malengelenge. Mama jirani aliniangalia akasema, “Pole mwanangu, amekukojolea.”

Hakunikojolea. Nairobi Fly hang'ati wala hachomi. Sumu yake imo ndani ya mwili. Nilijipaka mwenyewe nilipomponda. Wala si nzi. Ni mbawakawa wa familia ya Staphylinidae, wale ambao mabawa yao magumu ni mafupi kama koti lililoishia kifuani, tumbo lote likabaki nje. Familia hiyo ina zaidi ya spishi 60,000 zenye majina. Mamalia wote duniani, kuanzia panya hadi nyangumi, hawafiki 7,000.

Katika hao wote tunamjua mmoja, kwa sababu anatuunguza. Wengine tunawasikia pale tu habari inaposambaa kwamba “spishi mpya imegunduliwa” katika msitu wetu fulani. Tunaisambaza, tunaweka bendera, tunajivunia. Nina ugomvi na furaha hiyo.

Tunadhani spishi hugunduliwa msituni. Mara nyingi hugunduliwa kwenye droo. Mwaka 1832 Charles Darwin, kijana wa miaka 23, alimkamata mbawakawa wa familia hii huko Bahía Blanca, Argentina. Mdudu akafika London, akawekwa makumbusho pamoja na wengine wasiotambuliwa. Akakaa. Mwaka 2014 Stylianos Chatzimanolis, mtaalamu anayefanya kazi Tennessee, Marekani, aliyekuwa ameazima wadudu kutoka makumbusho hayo, alimtangaza kuwa spishi mpya na jenasi mpya: Darwinilus sedarisi. Sehemu ya pili ya jina ni ya mwandishi David Sedaris, ambaye vitabu vyake mtaalamu huyo alikuwa akivisikiliza akiwa kazini. Vielelezo vilivyojulikana wakati huo vilikuwa viwili tu.

Miaka 182, na aliyemkamata ni Darwin! Sasa fikiria wale waliokamatwa na watu ambao hakuna atakayewatafuta.

Kilichokosekana si wadudu. Alikosekana mtu wa kukaa kitako. Kazi yenyewe haina picha ya kupendeza ya kuweka mtandaoni. Unachekecha majani yaliyooza, unahifadhi vijidudu kwenye pombe, unawagundisha mmoja mmoja kwenye vipande vya karatasi ngumu. Chini ya hadubini unahesabu vinyweleo na kupima kichwa. Mara nyingi spishi mbili zinafanana kila kitu nje, kwa hiyo unampasua dume na kulinganisha kiungo chake cha uzazi, kwani tofauti imejificha humo. Kisha unasoma yote yaliyoandikwa tangu karne ya 18 ili uwe na haki ya kusema sentensi moja: huyu hajawahi kuelezwa.

Kijana wa biolojia akisema kwetu kwamba anataka kazi hiyo, anaulizwa: utakula nini? Nchi ina malaria, wewe unahesabu vinyweleo?

Jibu langu liko Kihansi. Mwaka 1996, wakati wa tafiti za mazingira za mradi wa umeme, alionekana chura mdogo aliyeishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale tu, katika milima ya Udzungwa. Akaelezwa kitaalamu, akapata jina. Maji yalipochepushwa, manyunyu yakapungua, na mwaka 2000 vyura wapatao 500 wakapelekwa Marekani kutunzwa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Leo kizazi chake kimerudishwa Tanzania. Gharama ile yote, mabishano yale yote, yaliwezekana kwa sababu kulikuwa na jina la kuandika kwenye barua. Asiye na jina hatangazwi kuwa ametoweka. Haombolezwi, hana mstari kwenye bajeti. Msitu ukikatwa, kisheria hakuna kilichokufa.

Na droo ziko wapi? Nairobi Fly ni jina la mbawakawa wawili. Mmoja wao, Paederus sabaeus, alipewa jina lake la kitaalamu na Wilhelm Erichson wa Berlin mwaka 1840, miongo kadhaa kabla Nairobi haijawa mji. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama zinamtaka mwandishi wa spishi mpya ataje mkusanyiko utakaohifadhi holotaipu, yaani kielelezo kinachobeba jina. Hazimlazimishi kukiacha nchi alikokitoa. Ndiyo maana anayetaka kujua kama mbawakawa wa Usambara ni mpya anaweza kuhitaji kwanza viza ya Ulaya. Picha husaidia, lakini picha haipasuliki.

Ni rahisi kuishia hapo, kwenye kulaumu ukoloni. Lakini kanuni hizohizo zinaruhusu jina litoke katika lugha yoyote ile, na maelezo yaandikwe kwa lugha yoyote pia, ingawa zinashauri zile zinazotumika sana kimataifa. Hakuna kifungu kinachokataza mbawakawa wa Usambara aelezwe kwa Kiswahili sanifu, ukurasa mzima wa pembe na vinyweleo, na holotaipu ikae Dar es Salaam. Hilo halizuiwi na Berlin. Linazuiwa na sisi, tunaojenga maabara na kusahau kuajiri mtu wa kufungua droo, tunaompa mwanafunzi alama kwa kunakili orodha ya spishi za wengine.

Kwa hiyo usinitumie tena habari ya spishi mpya kabla hujaisoma hadi mwisho, pale panapoandikwa nani aliieleza na holotaipu imewekwa wapi. Kama majibu yote mawili yako mbali, hiyo si habari ya kujivunia. Ni tangazo la nafasi ya kazi ambayo hatujamwajiri mtu.