Anga la Hanang Nalo Lipimwe

Darasani tunafundishwa ionosfia kana kwamba ni habari za Norway. Jamani, tabaka hilo la chembe za umeme, linaloanza kama kilomita 60 juu ya vichwa vyetu, ni nene zaidi huku kwetu kwenye jua. Mchana, nguvu za umeme na usumaku wa dunia huinua chembe hizo juu ya ikweta ya sumaku, inayopita Ethiopia, kisha zinateremka kaskazini na kusini na kurundikana. Rundo la kusini linaangukia Tanzania, Mbulu na Hanang zikiwemo. Ishara ya GPS ikipita humo huchelewa, na jua likichachamaa kosa la kifaa cha masafa moja linaweza kuzidi mita 10.

Mita 10 si kitu kama unatafuta mgahawa. Kwetu Hanang ni kesi. Mashamba ya ngano ya Basotu, yaliyoanzishwa kwa msaada wa Canada, yalimeza malisho ya Wabarbaig tangu miaka ya 1970, na mgogoro ukafika mahakamani. Leo mpima ardhi anakuja na kifaa cha masafa mawili, kinachofuta sehemu kubwa ya kosa. Lakini bado anategemea kituo cha rejea, na kikiwa mbali, anga la juu ya kituo silo la juu ya shamba.

Hapo ndipo modeli za kompyuta zinapoingia. IRI, mradi wa kimataifa ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960, hukadiria ionosfia ya mahali popote. Ila modeli hula vipimo, na Afrika imeilisha kidogo mno. Pasipo vipimo inabahatisha, na sisi tunaletewa ubahatishaji huo kama ukweli. Watafiti wa UDOM na UDSM wameshailinganisha na vipimo vya GPS vya ukanda huu, kwa hiyo msiniambie haiwezekani.

Najua mtasema: wilaya zina shida ya maji na barabara, wewe unaleta mambo ya angani? Sawa. Tope la Katesh la tarehe 3 Desemba 2023 liliua watu zaidi ya 80. Sisemi kipokezi cha GPS kingelizuia. Nasema kipokezi kilekile kinachopima ionosfia hupima pia mvuke wa maji hewani na ardhi inayosogea polepole. Mlingoti mmoja, kazi tatu.

Elimu hii pia inatuokoa na uvumi. Mei 10 na 11, 2024 dunia ilipigwa na dhoruba ya sumaku kubwa kuliko zote kwa miaka 20 hivi. Mei 12 intaneti ikakatika Tanzania. Ni rahisi kulaumu jua, kumbe ni nyaya za chini ya bahari.

Basi tuanze. IRI ni ya bure na inaendeshwa kwenye laptop ya kawaida. NASA ina kituo kinachoendesha modeli za magnetosfia kwa yeyote anayeomba, bila malipo. Idara ziruhusu miradi ya mwaka wa mwisho juu ya hili, na serikali yetu ya wanafunzi idai vipokezi viwili tu: kimoja Katesh, kimoja Mbulu mjini. Mpaka wa shamba la bibi hauwezi kusubiri anga lipimwe na wageni.