Ni Usingizi Gani Anaoahidiwa Mtoto?

Mwanangu alikuwa na umri wa miaka tisa madaktari walipoamua kuchukua kinyofu cha utumbo wake, wapate kujua kwa nini chakula hakimjengi mwili. Nilipewa fomu ya Kiingereza nikatia sahihi. Mama yangu mzazi akaniuliza: "Mtamtia mjukuu wangu nusu kaputi?" Nikamjibu la, atapewa dawa ya usingizi tu. Kisha nikamwambia mtoto: "Utalala, na ukiamka kazi itakuwa imekwisha."

Hakulala. Alipewa dawa ya kumtuliza, na aliyetulizwa si lazima awe amelala fofofo. Mpira wenye kamera ulipopita kooni alikukuruka na kutaka kutapika; wauguzi wakamshika mikono. Jioni aliniuliza: "Baba, mbona ulisema nitalala?" Mimi ni mhadhiri wa isimu, mwenye shahada ya uzamifu katika elimu ya lugha. Sikuwa na jibu.

Matabibu hutambua ngazi nne. Ipo ya kuondolewa wasiwasi mtu akiwa macho. Ipo ya kutulizwa kiasi, ambapo huitika akisemeshwa. Ipo ya kutulizwa sana, ambapo haamshiki kwa urahisi. Na ya mwisho ni nusu kaputi kamili, ambapo hazinduki hata akiumizwa. Mipaka baina yake ni myembamba, na mtoto aweza kuivuka bila kutarajiwa, ndiyo maana pumzi na oksijeni yake hufuatiliwa muda wote. Lakini sisi huko nyumbani zote nne twaziita "dawa ya usingizi". Ganzi ni jambo jingine kabisa. Nayo nusu kaputi hutisha, kwani wazee wengi husikia ndani yake nusu ya kifo.

Ajabu ni kwamba kule kunyofoa kwenyewe aghalabu hakuumi. Utando wa ndani wa utumbo hausikii mkato jinsi ngozi isikiavyo. Taabu hutokana na mpira kooni na hewa inayopulizwa tumboni. Mtoto wa miaka tisa angeelezwa hayo kwa Kiswahili chepesi angeyaelewa, tena pengine angeogopa kitu kimoja badala ya kumi.

Sisemi maelezo yatosha bila dawa. Kumkandamiza mtoto kitandani eti ni dakika chache tu ni ukatili, na kwa maoni yangu, palipo na mtaalamu wa nusu kaputi, mtoto mdogo na alazwe kabisa. Asipokuwepo, mzazi aambiwe waziwazi mwanawe atakuwa katika ngazi gani. Hiyo si hisani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humu nchini yamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa, akizingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Je, ni fomu ngapi za idhini umewahi kuziona kwa Kiswahili, seuze kwa Kiturkana?

Hapa lawama ni yetu walimu wa lugha kabla ya kuwa ya madaktari. Twafundisha tafsiri kwa hotuba na methali, na wanafunzi wetu wahitimu bila kuwahi kuigusa karatasi ambayo mzazi huitia sahihi mkono ukimtetemeka. Muhula huu nimewapa wangu fomu ile ile waifasiri. Wa kwanza kuikamilisha ameandika "dawa ya usingizi". Nimemrudishia.