PEMBE YA NYUMBANI: Tangi Kubwa la Samaki Halianzi kwa Samaki

Sajini mmoja wa Bujumbura, mtu wa zamu za usiku na baba wa watoto wanne, alikuwa na akiba ya miaka mitatu na haja moja moyoni: tangi la samaki la kioo litakalochukua ukuta mzima wa sebule. Alilichora kwa penseli nyuma ya kalenda: urefu sentimita 200, upana 60 na kimo 60. Kabla ya kumwona fundi yeyote, alikwisha chora na samaki kumi na saba ndani yake. Mkewe aliutazama mchoro ule kwa utulivu, kisha akauliza: "Baba watoto, likijaa maji litakuwa na uzito gani?"

Sajini hakuwa na jibu, na wengi wanaotamani pambo hilo hawanalo. Hesabu yenyewe si ngumu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la vipimo hivyo, maji yakiachwa sentimita 5 chini ya ukingo, huchukua lita 660. Vioo vyenye unene wa milimita 12 vina uzito wa kilo 130 hivi. Ukitia mawe na mchanga kilo 150, maji kiasi hutoka kuvipisha, lakini uzito haupungui. Mzigo wote, pamoja na meza yake, huzidi kilo 900. Huo ni sawa na magunia tisa ya mahindi yaliyopangwa mahali padogo kuliko kitanda cha mtu mmoja, na hayaondolewi mwaka hadi mwaka.

Sakafu ya saruji iliyomwagwa juu ya ardhi iliyoshindiliwa vema huweza kuchukua mzigo huo. Sakafu ya mbao, au ya ghorofani, ni jambo jingine. Hapo mwenye nyumba hana budi kumwita mjenzi amwonyeshe boriti zinapita wapi, naye akisitasita, shauri liishie hapo. Anayekaa katika nyumba ya serikali kambini aombe ruhusa kwanza. Ukuta ukipasuka si wake.

Swali la pili la mama huyo lilihusu mlango. Askari huhamishwa. Leo yupo Bujumbura, mwezi ujao aweza kupewa barua ya kwenda Gitega au Ngozi. Tangi la mita mbili lililounganishwa ndani ya chumba laweza kukataa kupinda kwenye ukumbi likitolewa, na lililojengewa ukutani halitoki bila nyundo. Kwa hiyo meza na ifungwe kwa bolti, wala isijengwe kwa matofali, na upana wa kila mlango upimwe kabla ya kioo cha kwanza kukatwa.

Swali la tatu ndilo lililomfanya sajini akune kichwa. Kila juma robo ya maji hutolewa na mengine kutiwa. Robo ya lita 660 ni lita 165, yaani zaidi ya ndoo nane za lita 20. Nani atazibeba, naye bwana yuko lindoni? Kuna waume wanaonunua starehe yao kwa mgongo wa mtu mwingine, na heri jambo hilo lisemwe mapema kuliko kuzua ugomvi kila Jumamosi.

Hapo kalenda ikageuzwa, mchoro mpya ukaandikwa: sentimita 150 kwa 50 kwa 50. Maji yakifika kina cha sentimita 45, ni lita 337 tu. Mzigo wote ukashuka hadi karibu nusu tani, na ndoo za kila juma zikawa nne. Tena maji hayo machafu hayamwagwi bure. Yana mbolea ya samaki, na lengalenga ya uani huyapenda sana.

Kupunguza kina kuna faida nyingine isiyoonekana kwa macho. Maji husukuma kioo kwa kadiri ya kina chake, si kwa wingi wake. Katika tangi la kwanza, kioo cha mbele kingesukumwa kwa nguvu ya kilo 300 hivi. Kama sajini angetaka maji yawe na kina cha sentimita 80, urefu ukibaki ule ule, nguvu hiyo ingepita maradufu. Katika tangi la pili ni nusu tu, yaani kilo 150. Hata hivyo fundi anayeshauri kioo cha dirisha cha milimita 4 au 5, kwa kuwa ndicho alicho nacho, aagwe kwa heshima. Kwa tangi hili milimita 10 zatosha, pamoja na vipande vya kioo vya kuvuka juu ili pande ndefu zisitanuke.

Gundi iwe silikoni tupu. Ile ya bafuni, iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, huua samaki. Ikishapakwa iachwe juma zima ikauke. Meza iwe na miguu iliyo wima chini ya fremu, uzito ukalie nguzo zenyewe, usining'inie kwenye misumari. Juu yake pimamaji ipite kila upande, kisha itandikwe karatasi ya ile sponji nyeupe ngumu inayofungwa pamoja na redio mpya. Chembe moja ya mchanga chini ya kioo yaweza kukipasua.

Tangi lisiwekwe mbele ya dirisha, kwani jua hulitia ukoga na joto. Kila waya wa umeme uteremke chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone la maji liishie kwenye kona ya waya, lisifike penye umeme. Plagi zing'olewe kabla ya mtu yeyote kutia mkono majini, watoto wakifundishwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Kuhusu samaki wenyewe, mkazi wa Bujumbura ana bahati ambayo watu wa mbali huinunua kwa fedha nyingi. Ziwa Tanganyika lina zaidi ya aina 200 za samaki wa jamii ya perege, na karibu zote hazipatikani penginepo duniani. Mbelgiji Pierre Brichard aliwasafirisha nje kutoka mji huo huo katika miaka ya 1970, na mwaka 1974 mtaalamu Max Poll akamwita samaki mmoja kwa jina lake, brichardi. Ni mwembamba, mkia wake umegawanyika kama mwezi mchanga, na vifaranga wakubwa hukaa na wazazi kuwalinda wadogo zao. Wapo wengine wa kimo cha kidole, waishio na kuzaa ndani ya makombe ya konokono. Wa jamii ya Tropheus hukwangua ukoga mawe kutwa nzima, na jike hubeba mayai kinywani karibu mwezi mzima. Hao wasilishwe nyama, huvimba tumbo na kufa. Wala asiwepo wa kumleta kuhe mdogo kwa kuwa anapendeza. Kuhe ni miongoni mwa wakubwa kabisa wa jamii yake.

Maji ya ziwa hilo ni magumu, yenye chumvichumvi ya madini, na joto la Bujumbura huwatosha samaki bila hita. Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi siku moja au mbili yakipulizwa hewa. Kisha inakuja subira ambayo wengi huikosa. Mavi ya samaki hutoa sumu, amonia, nayo huondolewa na bakteria wanaoota polepole katika kichujio, kwa juma nne hadi sita. Atiaye samaki kumi na saba siku ya kwanza hutoa kumi na saba siku ya kumi. Na watiwe wawili au watatu, wengine wafuate. Umeme ukikatika, maji yachotwe kwa kikombe na kumiminwa kutoka juu, tena na tena, ili hewa iingie.

Tangi la sajini lilipokamilika halikuingizwa ndani. Liliwekwa uani chini ya mwembe, juu ya meza yake, likajazwa, na mama akatandaza magazeti makavu pande zote. Siku mbili magazeti yalibaki makavu. Siku ya tatu, kabla ya adhana ya alfajiri, aliona doa la ukubwa wa sarafu chini ya pembe ya nyuma. Bwana alipotoka lindoni alikuta maji yamekwisha kutolewa, mpira ukielekea kwenye lengalenga, na fundi amekwisha kuitwa akwangue gundi ya pembe ile na kuipaka upya. Watoto wakaambiwa wangoje majuma mawili zaidi.